Boya Lililobaki Kabatini

Saa nane na dakika kumi mchana Inspekta alisimama mbele ya kabati la mzamiaji na kumwomba Mungu, kwa sauti ya chini, amjalie macho ya kuona kilichopo na si anachokitarajia. Kisha akavaa glavu.

"Amina," alisema Koplo nyuma yake. "Tufungue, afande?"

"Fungua."

Kabati lilikuwa la bati. Ufunguo wake ulining'inia kwenye msumari pembeni, mahali ambapo mtu yeyote wa kituo cha maji angeweza kuufikia. Upande wa ndani wa mlango mzamiaji alikuwa amebandika orodha, kwa herufi kubwa zilizonyooka: MTUNGI. MTUNGI MDOGO WA AKIBA. KISU. KIOO. FILIMBI. KAMBA NA GURUDUMU LAKE. BOYA LA CHUNGWA. BOYA LA NJANO. Chini yake aliandika mstari mmoja zaidi: *Anayezama peke yake, mwenzake ni vifaa vyake.*

Kila kifaa kilikuwa na ndoano yake. Ndoano zote zilikuwa tupu isipokuwa moja.

Koplo alikitoa kilichokuwapo. Ulikuwa mfuko mrefu wa plastiki nzito, umekunjwa kama mkeka, rangi yake kali kama kaa la moto. Mzamiaji akiwa chini huujaza hewa, nao hupanda ukiwa umefungwa kamba na kusimama juu ya maji kama mshumaa, ili walio juu wajue alipo.

"La chungwa," alisema Koplo. "Limekaa hapa, kavu kabisa."

Karibu na valvu ya kuingizia hewa palikuwa na kibandiko kipya, na juu yake kipande cha karatasi: *Linavuja. Gundi, jana saa kumi na moja jioni. Lisitumike mpaka ikauke vizuri.* Inspekta alibonyeza ukingo wa kibandiko. Gundi ilimshika ncha ya glavu.

"Halikutoka humu leo," alisema.

"Basi tumemaliza. Njia ya mwongo ni fupi." Koplo alifungua daftari na kusoma maelezo yaliyochukuliwa saa saba na dereva wa boti. "'Saa nne na nusu asubuhi niliona boya lake la chungwa limesimama majini. Nikajua yuko salama, nikaendelea na safari.' Boya gani, kama lilikuwa hapa linakausha gundi?"

Inspekta aliangalia saa yake, kama alivyofanya tangu wafike, kila baada ya dakika chache.

Mambo waliyokuwa nayo yalikuwa machache. Kituo kilivuta maji ya mji kutoka ziwani, kupitia mnara wa zege uliosimama mita mia tatu kutoka gatini. Kila Jumanne mzamiaji wa kituo, ambaye wenzake walimwita Kambare kwa kuyapenda matope, alishuka peke yake chini ya mnara kusugua chujio la chuma. Leo alizama saa tatu asubuhi. Hewa yake ilimtosha kama saa moja. Ilipofika saa sita hakuwa amerudi, na meneja akapiga simu. Tangu hapo wazamiaji watatu wa kikosi cha uokoaji walikuwa wakipapasa matope kuuzunguka mnara, na hawakupata hata kiatu.

Aliyempeleka majini alikuwa dereva wa boti, kaka wa tumbo moja wa mke wake. Kambare alimwita Shemeji, na kwa kuwa Kambare alimwita hivyo, kituo kizima kilimwita Shemeji, kuanzia meneja hadi wafagizi.

"Na la njano?" aliuliza Inspekta.

"Ndoano tupu. Amelichukua."

Ukutani kando ya kabati palikuwa na karatasi ya mwongozo. Ilikuwa na picha mbili za maboya na maneno chini ya kila picha. *Boya la chungwa: niko salama, nitapanda mwenyewe. Boya la njano: nina shida, njooni haraka.* Ilikuwa fotokopi. Maboya yote mawili yalikuwa ya kijivu.

Inspekta aliitazama karatasi hiyo kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama kabati.

"Wino wa rangi uliwaishia," alisema Koplo. "Afande, twende kwa mlinzi. Ana maneno."

*

Mlinzi wa lango alikuwa mzee mnene aliyekuwa anakula machungwa kwa utaratibu, maganda akiyapanga juu ya gazeti. Yalikuwa maganda ya njano iliyopauka, yenye mabaka ya kijani.

"Juzi walikwaruzana hapa hapa," alisema. "Kambare amebeba mizigo yake ya majini, Shemeji anamcheka. Anamwambia, 'Ukibeba hayo madude yote utazama kabla hujazama.' Wote tukacheka. Kambare hakucheka."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Na wewe kichwa chako kile, siku moja utanisahau majini.' Kwa sauti kabisa, mama. Shemeji akanuna. Siku nzima hawakusemeshana."

Koplo aliandika kila neno, akapigia mstari *utanisahau majini*.

"Leo asubuhi walikuwaje?"

"Walisalimiana. Lakini salamu za watu walioambiwa wasalimiane." Mlinzi alichagua chungwa moja, akamnyooshea Inspekta. "Chukua, mama, umeshinda na njaa. Limeiva hilo, angalia rangi."

Inspekta alilitia mfukoni na kushukuru.

Walipokuwa wanarudi ukumbini Koplo hakuweza kujizuia. "Ugomvi upo. Uongo upo. Atajitetea sana, lakini mfa maji haachi kutapatapa."

Alisema hivyo, kisha akamwona mwanamke aliyekaa kwenye benchi la mbao nje ya ofisi ya meneja. Alikuwa amekumbatia taulo kubwa la mumewe na viatu vyake vya nchi kavu. Midomo yake ilikuwa ikisali, ikasimama.

"Afande," alimwambia Inspekta bila kumtazama Koplo, "mnamhoji kaka yangu, au mnamtafuta mume wangu?"

"Vyote viwili, dada yangu."

"Kabla jua halijazama mna muda wa kimoja tu."

Inspekta aliketi kando yake. "Nakuuliza jambo moja. Mumeo huzama bila boya?"

"Yule? Yule haogi bila filimbi." Alijaribu kutabasamu, akashindwa. "Wananicheka hapa kazini, wanasema nimeolewa na duka la vifaa. Analala anahesabu: kisu, kioo, filimbi. Kama yuko hai, afande, kuna kitu amekipandisha. Na kama hakuna aliyekiona, basi..." Aliubana mdomo wake kwa pembe ya taulo.

"Na kaka yako ni mtu wa uongo?"

"Kaka yangu ni mtu wa mzaha. Uongo unataka akili ya kukumbuka."

*

Shemeji alikuwa kwenye chumba cha mikutano, meza ndefu, viti kumi na viwili, yeye amekaa kwenye cha pembeni kabisa. Alikuwa mtu mrefu mwenye mikono iliyochubuliwa na kamba na kujaa mafuta ya injini. Miguu yake chini ya meza haikutulia.

"Tuanze upya," alisema Inspekta. "Saa nne na nusu ulikuwa wapi?"

"Natoka mnarani naenda gati ya pili, kumchukua mpima maji. Nimeshaeleza."

"Eleza tena."

"Nikaona boya. Si mnarani, mbali kidogo, usawa wa lile jiwe lililopasuka. Nikasema, leo shemeji kasogea. Nikaangalia rangi, nikaona ni ya chungwa. Kanuni yake mwenyewe, afande. Alinikaririsha kama mtoto wa shule: chungwa, salama, endelea na kazi yako, njano, hatari, acha kila kitu uje. Nikaendelea na kazi yangu."

"Uliporudi?"

"Nilirudi saa tano na nusu, boya sikuliona. Nikadhani kashapanda kwenye ngazi ya mnara. Nikangoja. Sikumwona."

Koplo alitoka, akarudi na lile boya la kabatini, akalitupa juu ya meza. "Uliliona hili?"

Shemeji alilitazama. "Hapana."

"Umesema la chungwa!"

"Nimesema la chungwa, ndiyo. Hili ni jekundu."

Koplo alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Afande, unamsikia? Sasa anatufanya watoto. Majini la chungwa, mezani jekundu."

"Mimi nasema nilichokiona!" Shemeji aliinuka nusu. "Mnanikalisha hapa, na mtu yuko majini! Nani atamwambia dada yangu? Wewe?"

"Kaa," alisema Inspekta kwa upole. Alikuwa amekumbuka maboya mawili ya kijivu. "Hakuna anayekuita mwongo."

Koplo alirudi kwenye daftari lake.

"Usiniambie rangi. Achana na jina la rangi. Angalia humu chumbani, unionyeshe kitu kinachofanana na lile boya uliloliona."

Shemeji alizungusha macho. Aliangalia mapazia, kalenda, viti. Kisha akanyoosha kidole kwenye kona ya mlango, palipoegemezwa ufagio.

"Ile ndoo ya kudekia," alisema. "Rangi ile ile."

Ndoo ilikuwa ya njano.

Inspekta aliingiza mkono mfukoni, akatoa chungwa alilopewa na mlinzi, akaenda kuliweka juu ya kifuniko cha ndoo. Ganda lilikuwa limepauka kidogo, lakini vilifanana kama ndugu.

"Chungwa si ndilo hilo?" alisema Shemeji. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Chungwa lililoiva lina rangi gani nyingine?"

"Kwetu huiva likiwa kijani," alinong'ona Koplo, si kwa mzaha.

"Na njano kwako ni ipi?" aliuliza Inspekta.

"Njano ni ya bizari manjano yenyewe, ya jikoni. Iliyokolea, ukiishika inakutia doa. Hii imepauka."

"Kambare aliwahi kukuonyesha maboya yote mawili, umeyashika mkononi?"

"Yalikuja wiki iliyopita. Alinisomea karatasi ile pale kwenye kabati. Hili jekundu nimeliona akilijaribu gatini. Nikajua ni la zamani, la mazoezi. La njano sijawahi kuliona. Nilidhani limebaki kabatini..."

Macho yake yalikwenda kwenye boya lililokuwa mezani, yakaenda kwenye ndoo, yakarudi mezani. Mtu aliweza kuona neno moja likiondoka mahali pake ndani ya kichwa chake na lingine likikaa.

"Mungu wangu," alisema. "Nilimpungia mkono."

"Ulifanya nini?"

"Alikuwa juu ya maji, kashika boya, kainua mkono mmoja. Nikadhani ananisalimia. Nikampungia, nikaongeza mwendo." Alijipiga kifuani kwa ngumi. "Ananiita, mimi nampungia!"

Inspekta alikuwa amekwisha kutandika ramani ya ziwa. "Sikiliza. Utalia baadaye. Tangu tufungue kabati tumeyatupa maneno yako yote kwa sababu rangi haikulingana. Kama rangi ni kweli, na mahali ni kweli. Weka kidole."

Kidole chenye mafuta kilitua kwenye jiwe lililopasuka, zaidi ya kilomita moja kutoka mahali wazamiaji watatu walipopapasa matope kwa saa tatu.

"Kwa hiyo saa nne na nusu alikuwa hai, na alikuwa juu," alisema Koplo polepole. Aligeukia dirishani. Bendera ya kituo, iliyokuwa imelala asubuhi, ilikuwa imenyooka na kupigapiga mlingoti.

"Kitu kikidondoka pale kwenye jiwe, huu upepo wa mchana hukipeleka wapi?" aliuliza Inspekta.

"Kofia yangu ilidondoka pale mwaka jana. Niliikuta kwenye matete ya ile ghuba ndogo," alisema Shemeji.

"Amka. Unaendesha wewe." Inspekta alilirudisha chungwa mfukoni.

"Afande." Koplo alimvuta kando. "Unampa mshukiwa boti?"

"Nampa shahidi."

Ukumbini Shemeji alisimama mbele ya benchi. "Dada," alianza, "mimi ndiye..."

"Nenda, kaka," alisema mke wa mzamiaji, akamtia taulo mikononi. "Utaniambia ukirudi naye."

*

Saa kumi kasoro dakika kumi walipita jiwe lililopasuka. Hapakuwa na kitu ila mawimbi mafupi yenye povu. Shemeji aliendesha amesimama, akiangalia huku na huku kama anayemtafuta mtoto sokoni. Redioni mkuu wa kikosi cha uokoaji aliuliza mara mbili kama wana hakika, maana akiwaondoa watu wake mnarani na Kambare yuko mnarani, damu itakuwa juu ya nani?

"Juu yangu," alijibu Inspekta. "Walete."

Ghuba ilikuwa imefungwa na matete marefu kuliko mtu. Walizunguka mara ya kwanza, hola. Mara ya pili Koplo alipiga kelele.

Boya lilikuwa limelalia matete, nusu limenywea. La njano. Shemeji aliliendea kwa kasi mpaka boti ikapanda majani. Inspekta aliivuta kamba iliyofungwa chini yake. Ilikuja kirahisi mno, urefu wa mikono minne, kisha ikaisha. Ncha yake ilikuwa imekatwa safi.

"Hayupo," alisema Shemeji. "Limekuja peke yake. Hayupo!" Akaanza kuita, "Shemeji! Shemeji wee!", na sauti yake na ngurumo ya injini zikachanganyika, hakuna iliyosikika vizuri.

"Imekatwa kwa kisu," alisema Inspekta. Alikuwa anaisoma ncha ya kamba kama barua. "Haikuchanika. Mtu aliyekata alikuwa na akili zake. Zima injini."

"Upepo utatutupa kwenye mawe, afande."

"Ututupe. Mumewe dada yako ana filimbi. Asubuhi huenda aliipuliza, wewe una injini masikioni. Zima!"

Shemeji alizima.

Ukimya ulikuwa na sauti zake: maji yakigonga ubavu wa boti, matete yakisuguana, pumzi za Koplo. Boti ilianza kuelea kinyumenyume kuelekea mawe. Inspekta alifumba macho. Hakuomba kwa maneno. Alihesabu. Alipofika kumi na saba akasikia kitu chembamba, kama ndege aliyeishiwa nguvu.

"Ni ndege," alisema Koplo.

Ikaja tena. Mara tatu, kimya, mara tatu.

"Ndege hahesabu," alisema Inspekta.

Shemeji hakungoja. Aliruka majini na nguo zake, maji yakamfika shingoni, akayapasua matete kwa mikono. Walisikia mlio wa maji, kisha sauti yake ikiita jina moja lile lile kwa upole, kama anamwamsha mtu aliyelala. Aliporudi alikuwa amembeba mtu mgongoni, ndani ya vazi la mpira jeusi, midomo imekuwa myeupe, filimbi bado imebanwa kwenye meno. Mguu mmoja ulikuwa umezongwa na wavu mkuukuu wa samaki.

Walimpandisha. Koplo alivua koti lake, akamfunika juu ya taulo, akaanza kumsugua mikono kwa nguvu, machozi yakimtoka bila aibu. Ilichukua muda kabla Kambare hajaachia filimbi. Alisema neno mojamoja. Wavu ulimnasa chini, akamaliza mtungi, akatumia ule mdogo huku akiukata. Alipofika juu maji yalikuwa yamemvuta mbali. Kwenye matete kamba ya boya ilijizonga shingoni, akaikata.

Kisha akamgeukia aliyemshika kichwa.

"Shemeji. Nilikuona."

"Ndiyo."

"Ulinipungia mkono."

"Nilikupungia."

"Kwa nini?"

Shemeji alijaribu kujibu. Inspekta ndiye aliyelitoa chungwa, akalimenya, akamwekea Kambare kipande kimoja mdomoni, na ganda akalilaza juu ya boya lililokunjamana sakafuni mwa boti. Ganda na boya vilikaa pamoja. Kambare alitafuna polepole, akitazama. Alitazama ganda. Alitazama boya. Alimtazama kaka wa mke wake, aliyelowa mpaka kichwani.

"Kumbe," alisema.

Kifua chake kikaanza kutikisika, na kwa muda hawakujua kama ni baridi au ni kicheko.

Redio ilikoroma. Mkuu wa uokoaji alikuwa njiani, hajui aangalie wapi. "Nyie mko upande gani? Tunatafuta boya la rangi gani?"

Koplo aliisogeza redio mdomoni. Aliwatazama wote watatu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alifikiri kabla ya kusema.

"Rangi ya ndoo ya kudekia," alisema. "Lakini msilitafute tena. Mwambieni mke wake kwamba mumewe anakuja."